Ukuta wa Nyota Kule Mugamba

Tuliondoka Buyenzi Jumamosi, siku moja baada ya Idi ya kuchinja, saa kumi na moja na robo alfajiri. Watu walikuwa wanatoka msikitini na wengine walisimama kutazama kamio letu, lori la mizigo, maana lilikuwa limepakia nyota.

Darasani mmeniuliza mara nyingi nilikuwa wapi siku zile. Mnanijua, nikiulizwa mbele za watu ulimi unaganda. Kwa hiyo naandika. Someni kwa zamu, ila msinisomee mbele yangu. Safari ya kurudi sitaisimulia, nililala njia nzima, mdomo wazi, dereva wetu Saidi anasema.

Buyenzi

Kwanza mjue tulikuwa tunaenda kufanya nini. Nyogokuru wangu, yaani mama mzazi wa Mama, anakaa Mugamba, juu kabisa, mbele ya Ijenda, kwenye mashamba ya chai. Mvua za masika zilimwangushia ukuta mmoja wa chumba anacholala, ule unaotazama bondeni. Kuta tatu zilibaki zimesimama. Tangu hapo akawa analala kwa jirani yake, Mama Esperansi, jikoni, juu ya mkeka. Mwaka jana baridi ya kiangazi, maana kule juu kiangazi ndiyo majira ya baridi, ilimkaa kifuani hadi akalazwa. Mama alikuwa anasema kila jioni huku anamnyonyesha mdogo wangu, "Baridi ikimkuta kwa watu, huyu mama hatuna tena." Na Nyogokuru mwenyewe hataki kushuka mjini. Alishuka mara moja tu, akasema joto letu ni la kuchemshia mayai.

Baba ni masoni. Wengi wenu mmepita mbele ya nyumba alizojenga. Kazi anayojulikana nayo ni klostra, yale matofali ya sima, yaani saruji, yenye matundu yanayopangwa ukutani ili hewa ipite. Za kwake zina umbo la nyota, kalibu aliichonga mwenyewe. Watu wanatoka hadi Mutakura kuja kuzitafuta. Na mnajua wenyewe, kwetu nyumba isiyo na klostra ni tanuri. Ukuta wa bloke unakunywa jua mchana kutwa, jioni ukitaka kulala unakutemea lile jua usoni. Kinachotuokoa ni matundu, upepo wa ziwa unaingia huku unatokea kule.

Basi Baba akaamua kwamba mama mkwe wake atapata ukuta wa nyota. Alizimwaga kwenye kalibu uani kwetu jioni baada ya jioni, tukawa tunaruka juu yake kwenda chooni. Mama alimwambia kule watu wanajenga kwa udongo. Baba akajibu, "Udongo si ndio umeanguka? Chumba cha mama mukwe hakiwezi kuwa kama stoo ya viazi."

Shida ilikuwa moja. Baba hawezi kuzungumza na Nyogokuru. Hawajagombana, ni heshima. Kwetu Buyenzi mambo hayo yamelegea, lakini kule milimani mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, hali mbele yake, na chumba anacholala haingii kabisa. Lazima awepo mtu katikati wa kupeleka maneno. Mtu huyo huwa ni Mama, na Mama alikuwa na mtoto mchanga.

"Maimuna atakuwa mudomo wako," Mama akasema.

Baba akanitazama. "Huyu? Huyu hata kuku akimukimbiza hapigi kelele."

Mimi nilikuwa naosha masufuria. Sikusema kitu, na hilo likawa jibu.

Musaga, kwenye foleni

Saidi ni shofa wa kamio, rafiki ya Baba tangu utoto. Alikuwa ameapa kwamba mazutu, mafuta ya kamio, iko. Tulipofika Musaga tukajua mazutu haiko, iko Musaga. Ndivyo alivyosema yeye, na mpaka leo sijaelewa, lakini maana yake ilikuwa tupange foleni.

Tukapanga. Jua likatoka, likapanda, likatukalia kichwani. Foleni ilikuwa inasogea kidogo, halafu inalala. Nilikaa juu ya mzigo, kwenye kivuli cha turubai, miguu imebanwa kati ya mifuko ya sima. Mama alikuwa ametupa nyama ya Idi kwenye hotpoti na chapati zimefungwa kitambaani. Tulikula saa nne kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya, na saa sita tukala tena kwa sababu hiyo hiyo.

Nyuma yetu kulikuwa na mzee mmoja mwenye pikapu ya mbao. Alishuka, akazunguka kamio letu, mikono nyuma, kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Hizi nyota nzuri," akasema. "Munajenga baa?"

"Apana," Baba akajibu. "Chumba cha mama mukwe."

"Ah, anakaa wapi? Kinindo?"

"Mugamba."

Mzee akazitazama tena nyota. Halafu akacheka taratibu, kichwa chini, hadi mabega yakatikisika. "Mutoto wangu, mi natoa mbao kule. Kule mutu akiona tundu ukutani analiziba na gunia. We unampelekea matundu yamepangwa mustari?"

Saidi alicheka pia, akajifanya anakohoa. Baba alisema mtu wa mbao hawezi kujua hewa, maana mbao zake zote zimeshakufa. Mzee akasema sawa, akakubali na chapati. Akala chapati yetu akiwa bado anatazama zile nyota na kutikisa kichwa.

Mazutu tuliipata alasiri.

Kupanda

Mkitoka Musaga barabara inaanza kupanda na haikumbuki kushuka. Kamio lilikuwa linalia. Kila baada ya kona chache Saidi anasimama, anatia jiwe nyuma ya tairi, anafungua boneti, mvuke unatoka, tunasubiri upoe, anaongeza maji. Ziwa lilibaki chini nyuma yetu, kwanza pana, halafu jembamba, halafu likafunikwa na weupe. Upepo ukabadilika harufu. Ulikuwa unanuka moshi wa mikaratusi.

Nilikuwa nimevaa gauni la Idi na mtandio. Nilifikiri baridi ni ile tunayoisikia asubuhi tukitoka kuoga. Kumbe ile si baridi, ile ni maji tu. Hii inaingia kwenye mfupa wa goti inakaa.

Ukungu ulitukuta jioni mbali na tulikokuwa tunaenda, na Saidi akasema yeye ana watoto, haendeshi asichokiona. Tukalala kwenye kamio pembeni ya barabara. Usiku ule hauna cha kusimulia. Nilihesabu vidole vya miguu kuona kama vipo.

Asubuhi niliona kibanda cha chai hatua chache kutoka tulipolala, na nikakasirika, maana tungekijua tungeomba kulala hapo. Mwenye kibanda alikuwa mama mnene aliyevaa koti la kiume. Alinionea huruma, akanisukuma kwenye kona, akaniambia niegemee ukuta. Nikaegemea.

Ukuta ulikuwa na joto.

Nilishtuka, nikageuka kuugusa. Ulikuwa ukuta wa udongo, mnene kama mkono wangu kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, umepakwa laini.

"Nyuma ya huo ukuta kuna jiko," mama yule akasema. "Tulizima jana jioni. Wenyewe haujasikia habari."

Alinipa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Nilikaa pale mgongo wangu ukiwa unayeyuka, nikawa natazama. Hakukuwa na tundu popote. Dirisha lilikuwa dogo kama daftari na lilizibwa na gunia, kama alivyosema mzee wa mbao. Nikaanza kufikiri. Ukuta ule na wetu wa Buyenzi zinafanya kitu kimoja, zinakula joto mchana na kulirudisha jioni. Kwetu hilo ni adhabu. Huku ndilo blanketi. Lakini blanketi lenye matundu ni wavu.

Baba alikuwa nje, hakutaka kuingia kwa sababu kibandani kulinuka pombe. Alikuwa anakunywa chai amesimama, anakagua nyota zilizovunjika njiani. Nilitoka nikasimama karibu naye. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni.

"Unasema?" akaniuliza.

"Apana," nikasema.

Kwa Nyogokuru

Tulifika Jumapili watu wakiwa kanisani. Kilima kizima kimya, ng'ombe tu. Baba alikuwa anataka kuanza kazi saa ile ile ili Saidi arudishe kamio Jumatatu. Watu walipotoka kanisani wakaja wengi, wakatusalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili, wakatutandikia mkeka, na Baba alipowaonyesha mifuko ya sima wakatazama pembeni. Siku ya Mungu hakuna atakayeshika koleo, na hakuna atakayekubali mgeni ashike peke yake. Tukakaa. Siku nzima tulikaa, jua zuri, kazi mbele yetu, hakuna anayeigusa.

Nyogokuru alikuja amejifunga vitenge viwili, mdogo kuliko nilivyokuwa namkumbuka. Alinishika mashavu kwa muda mrefu. Baba alivua kofia akasimama kwenye ua wa miti, akitazama mguu wake mwenyewe. Kati yao palikuwa na nafasi ya kupita ng'ombe wawili.

"Mwambie baba yako karibu," Nyogokuru akasema kwa Kirundi. Nawaandikia kwa Kiswahili.

"Baba, karibu," nikasema.

"Mwambie mama, nimeshukuru. Muulize anaendeleaje na kifua."

"Nyogokuru, kifua?"

"Mwambie kifua ni kizima."

Halafu akakohoa. Baba alisikia kikohozi kwa masikio yake, lakini nilichotumwa ni kusema kifua ni kizima, nikasema. Ndivyo kazi ya mdomo ilivyo.

Chakula kilikuwa viazi, njegere na ile nyama ya Idi iliyobaki. Nilimpelekea Baba nyuma ya nyumba, akala ametazama mgomba. Mama Esperansi akaleta chungu cha pombe ya mtama na mirija, heshima kubwa kwa mjenzi, na Baba akarudisha. Watu wakatazamana. Mmoja akauliza kama mgeni anaona chungu chao kichafu. Wote wakanitazama mimi. Nilisema, nadhani nilisema, kwamba sisi Waislamu hatunywi. Mama Esperansi akasema, "Kumbe ni hilo tu," akaleta maziwa mgando, watu wakaanza kupumua. Saidi alisema ile ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kunisikia.

Ukuta

Jumatatu walikuja wengi kuliko tulivyohitaji. Wanawake walichota maji, wanaume walikoroga. Udongo wa ukuta ulioanguka ulikuwa bado umelala pale, rundo kubwa jekundu. Vijana walilisogeza kando kwa majembe ili Baba apate nafasi. Baba alijenga akiwa nje, bloke chini, nyota kuanzia usawa wa kifua hadi karibu na bati. Akifanya kazi yake Baba ni mtu mwingine. Anaimba kidogo. Anagonga kwa mpini wa mwiko, anasikiliza tofali, anagonga tena.

Jioni ukaisha. Jua lilikuwa linazama ng'ambo ya bonde na mwanga wake ukapita kwenye matundu, sakafu ya chumba ikajaa nyota, na kitanda, na ukuta wa mbele. Watu waliingia kwa zamu kutazama. Mtu mmoja alivua kofia. Nyogokuru alisimama katikati, nyota moja begani.

"Mwambie baba yako ni pazuri kama kanisani," akasema.

Nikatoka nikamwambia. Baba alikuwa ananawa mikono. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Alisema, "Muulize kama hewa inapita."

Nikarudi. "Anauliza kama hewa inapita."

Nyogokuru akatazama zile nyota. "Mwambie inapita," akasema.

Watu wakaenda. Baba na Saidi walikwenda kulala kwa mume wa Mama Esperansi, mimi nikabaki na Nyogokuru kwenye kitanda chake. Jua lilipokwisha upepo ukaja kutoka bondeni, ukaingia kwenye nyota zote kwa pamoja. Kuta tatu za zamani zilikuwa bado na joto, niligusa. Lakini ni kama kuwasha jiko na kukaa barabarani.

Nyogokuru aliinuka. Alifungua kasha lake, akatoa kitenge, akakikunja, akakisokomeza kwenye nyota. Halafu kingine. Sweta. Kanga aliyopewa na Mama. Gunia. Alipanda juu ya kiti kufikia zile za juu na mimi nikamshika kiuno, mwepesi, anatetemeka. Nguo zilikwisha, nyota hazikwisha.

"Nyogokuru, tumwambie Baba."

"Apana," alisema kwa Kiswahili, ili nielewe vizuri. Halafu kwa Kirundi: "Ameniletea mawe kutoka mjini kwa mgongo wake. Cha mkwe hakirudishwi. Mkishaondoka nitarudi jikoni kwa Esperansi. Akija kunitazama nitalala humu siku hizo. Umesikia? Hujatumwa kitu."

Nilijibu ndiyo. Alikohoa mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi

Niliamka kukiwa na weupe kidogo. Kitanda upande wake kilikuwa kitupu. Alikuwa amesimama kwenye kiti, anachomoa nguo kwenye matundu, moja baada ya nyingine, anazikunja na kuzirudisha kwenye kasha. Alitaka Baba akija akute nyota zote ziko wazi. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu.

Nilimtazama nikaelewa kwamba Baba hatajua kamwe. Ukuta ameujenga akiwa nje. Chumbani haingii. Baridi ile inajulikana ndani tu, na kutoka ndani hakuna neno litakalotoka isipokuwa kupitia kwangu, na mimi nimeambiwa sijatumwa.

Nilitoka nje bila viatu. Rundo la udongo wa ukuta wa zamani lilikuwa pale pale, juu yake umande mweupe. Nilimwaga ndoo ya maji, nikapandisha gauni, nikaingia. Ilikuwa kama kukanyaga visu. Nilikanyaga mpaka miguu ikaacha kuuma, na udongo ukaanza kushikana. Nikabeba kwenye beseni, nikaingia ndani, nikaziba nyota ya kwanza. Nyogokuru alisema jina langu mara moja. Sikugeuka. Nikaziba ya pili.

Nikiwa kwenye ya tano au ya sita uso wa Baba ukatokea upande wa pili wa tundu.

"Maimuna. Unafanya nini?"

Mkono wangu ulikuwa umejaa udongo. Ulimi ukaanza kuganda kama kawaida, nikausikia unaganda.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Nyogokuru anasema asante. Hilo ndilo nililotumwa. Mi mwenyewe ndo nasema kuna baridi. Analala hapa na nguo zake zote ziko ukutani."

 Baba alikuwa karibu sana, niliona mvuke wa pumzi yake. Halafu akaingiza mkono kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko, akauacha huko kwetu, vidole vimefunguka, kama mtu anayepima maji ya kuoga mtoto. Upepo ulikuwa unapita pembeni ya mkono wake. Mkono ulikaa muda mrefu. Nyogokuru alikuwa amejibanza kwenye kona na kitenge mdomoni.

Mkono ukatoka. Nikasikia anavua viatu.

Nilidhani anakwenda kwa Saidi, kumwambia tuondoke. Kumbe ameingia kwenye udongo. Nilisikia miguu yake inakanyaga, mizito, halafu nikasikia mwiko. Akaanza kuziba kutoka nje, mimi kutoka ndani, na kila tundu udongo wake ulipokutana na wangu ulitoa sauti ndogo, kama busu.  Baadaye aliniambia nipake unene wa kiganja upande wangu wote, hadi kwenye bloke za chini, na kwamba na yeye atapaka upande wake. Alisema udongo uliokwisha simama hapo miaka mingi unajua pa kukaa. Hakuimba, lakini alikuwa anagonga na kusikiliza.

Nyogokuru alikuja akaanza kunipa madonge. Mikono yake ilikuwa inajua kuliko yangu. Nyota zikawa zinazimika, chumba kikawa cheusi, na nikaanza kusikia joto la pumzi zetu wenyewe. Ikabaki moja, juu kabisa, karibu na bati. Nilinyanyua donge, Nyogokuru akanizuia.

"Hiyo iache," akasema. "Ya moshi. Na asubuhi nijue kumekucha."

Nilifungua mdomo ili nimpelekee Baba maneno hayo. Nyogokuru akanipita. Alisogea hadi ukutani, akaweka viganja vyake viwili kwenye udongo mbichi, na akauambia ukuta, si mimi, si Baba, ukuta.

"Wewe ukuta," akasema, "umenishika vizuri."

Nje mwiko ulinyamaza. Kisha kutoka upande wa pili, ukuta ukajibu kwa Kirundi, sauti ya chini: "Nisamehe kwa baridi, mama."

"Sijaisikia," Nyogokuru akauambia ukuta.

Wakaendelea hivyo, ukuta katikati yao, bila kuonana, wanaulizana habari za Mama na za mtoto mchanga. Nilikaa kitandani, nikaanza kujikwangua udongo miguuni. Hakuna aliyenihitaji kusema kitu.